Mkono mwepesi, jicho zito: maoni yangu kuhusu bastola ya mazoezi

Najua nimepotea. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Kibosho kwa Krismasi, na niliporudi chuoni nikapokelewa na tesiti tatu ndani ya wiki moja. Leo Jumamosi bumu bado halijatoka, wenzangu wamekwenda kufua, mimi nimekaa zangu kwenye kimbwete nyuma ya hosteli. Kibo imefunguka yote, haina hata wingu. Nikasema ngoja niandike kile kitu kinachonikaa kichwani tangu likizo.

Leo naongelea bastola. Usishtuke, sijajiunga na kundi lolote. Ni jambo la kifamilia, na baba mkubwa ameniruhusu kuliandika. Alisema, "Andika mwalimu, mradi jina langu lisitokee." Basi halitatokea.

Wanaotujua wanajua kwamba Desemba Wachaga wote tunapanda mlimani. Mwaka huu hata kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa anayeishi Texas, alikuja. Tarehe 26 usiku, nyama imeshaliwa, mbege inazunguka, kaka akatoa simu akatuonyesha video. Yuko sebuleni kwake huko Marekani, amesimama na bastola mkononi, anapiga ukutani. Bastola inaruka mkononi kama inavyoruka ya kweli, lakini hakuna risasi wala tundu ukutani. Kinachoonekana ni kidoa chekundu tu kinawaka na kuzimika.

"Baba, hii ndo dawa yako," akasema. "Nakuletea moja."

Nyumba nzima ikanyamaza. Kila mtu alijua anasema nini.

Ngoja nirudi nyuma. Baba mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na kwa sababu ya kutembea na fedha za mauzo ana bastola ya leseni, karibu miaka kumi sasa. Kwa muda wote huo risasi alizopiga unazihesabu kwa vidole. Mwaka juzi Julai, usiku wa ukungu ule mnaoujua, mbwa walibweka akasikia kitu kinagonga kwenye banda la ng'ombe. Wiki ile wezi walikuwa wameingia kwa jirani. Akatoka na bastola. Akaona kivuli cha mtu mlangoni mwa banda, amebeba kitu. Akapiga.

Hakuwa mwizi. Alikuwa kijana wa nyumba ya pili anayemsaidia kukamua. Ng'ombe alikuwa amekata kamba, kijana kamsikia kabla ya wote, kaja kumfunga. Mkononi alikuwa na ndoo ya maziwa. Risasi ilitoboa bati la banda, kama hatua mbili pembeni yake, ikaishia kwenye mgomba.

Ya polisi yalikwenda kwa polisi. Ya ukoo yalikwenda kwa desturi: baba mkubwa alikwenda kwa wazazi wa kijana ameshika jani la isale mkononi. Kwetu mtu akikujia na isale, humkatalii msamaha. Walimsamehe. Ila yeye mwenyewe hajajisamehe, na tangu usiku ule amekuwa akirudia sentensi moja: "Mkono wangu haufai. Sina shabaha." Kaka ndio aliisikia hiyo sentensi kwenye simu mpaka akatafuta dawa.

Sasa, kwa kuwa mimi nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati, na kwa kuwa nilipita JKT baada ya kidato cha sita kama wenzangu wengi tangu mafunzo yale yaliporudishwa 2013, wakanigeukia. "Mwalimu, hiki kitu kinafanyaje kazi? Kinafaa?"

Swali la kwanza ni rahisi. Unachukua bastola yako ya kweli, unatoa mtutu, unaweka mtutu mwingine wa mazoezi. Ndani yake kuna kichupa kidogo kinachojazwa hewa ya ukaa, ileile inayotoa povu kwenye soda. Ukivuta triga, pini inagonga vali, gesi inafumuka na kusukuma kile chuma cha juu kwenda nyuma, kinarudi chenyewe, na hapohapo taa ya leza inawaka kuonyesha ungepiga wapi. Gesi ikiisha unajaza tena. Bei yake ni dola mia kadhaa. Zipo nyingine za bei ndogo, umbo la risasi tu lenye leza ndani, lakini hizo hazitikisiki kabisa. Kaka alisifia ya gesi kwa sababu inapiga teke.

Na hapa kwenye teke ndipo nilipofurahi, maana ni Fizikia tupu. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa kama gramu 8 na inatoka kwa kasi ya kama mita 350 kwa sekunde. Bastola ya gramu 800 ni nzito mara mia. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Newton, bastola inarudi kwako kwa mita 3.5 kwa sekunde, na ukijumlisha gesi ya baruti inazidi hapo kidogo. Hilo ndilo teke. Lakini sikiliza hii: mtutu wa bastola una urefu wa kama sentimita 10. Risasi inaumaliza kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde, na kwa muda huo bastola yenyewe imesogea kama milimita moja au mbili tu. Yaani mkono wako unaporushwa juu, risasi imeshakwenda zake zamani!

Kumbe teke haliharibu shabaha. Kinachoiharibu ni hofu ya teke, ile inayokuja kabla. Mwili unajua kelele inakuja, basi unajikaza, kifundo cha mkono kinainama, macho yanafumba. Mimi nimeyaona hayo JKT. Wiki nzima tulilenga bila risasi nikawa hodari, afande akanisifu. Siku ya shabaha, risasi ya kwanza nilifumba macho hata kabla ya mlio. Ilikwenda nisikokujua mpaka leo.

Ndiyo maana nakubaliana na kaka kwa nusu. Mazoezi yasiyo na teke yanafanana na maikroticho yetu hapa chuoni, mnajua wenyewe. Unasimama mbele ya wenzako kumi wanaojifanya wanafunzi, wanajibu "ndiyo mwalimu", unapata A. Kisha unapelekwa shule ya kata, kidato cha kwanza wako themanini, chaki ikikatika tu darasa linacheka, na wewe unasahau hata jina lako. Zoezi linalokurushia kidogo kile utakachokutana nacho ni bora kuliko linalokubembeleza. Kifaa kinachotikisa mkono mara mia kwa siku kitamzoesha mzee asijikaze. Hilo sina ubishi nalo, ingawa teke la gesi ni dogo kuliko la baruti na haliji na mlio ule.

Ila nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niseme hapana, na nikasema pale pale mbele ya wazee, mbege ikaacha kuzunguka.

Niliuliza hivi: baba mkubwa, usiku ule, kama ungekuwa na shabaha nzuri, ingekuwaje?

Hakuna aliyejibu. Kila mtu alipiga hesabu mwenyewe. Kijana yule anaishi kwa sababu mkono wa baba mkubwa ulijikaza. Ile hofu tunayotaka kuiondoa kwa dola mia kadhaa ndiyo iliyosogeza risasi hatua mbili. Angekuwa na mkono wa video ile ya Texas, leo tungekuwa na kaburi kwenye kihamba cha jirani na isale lisingetosha.

Sisemi hofu ni jambo jema, wala kwamba watu wenye silaha wabaki bila kujua kuzitumia. Asiyejua kutumia silaha ni hatari kwa kila aliye mbele yake na pembeni yake. Ninachosema ni kwamba kosa la usiku ule halikuwa la mkono. Lilikuwa la jicho na la haraka: alipiga kabla ya kujua anampiga nani. Na kifaa kile, pamoja na uzuri wake wote, kinafundisha mkono tu. Kinakupa kidoa chekundu kukuonyesha umepiga wapi. Hakikuulizi kama ulipaswa kupiga.

Kaka akanijibu, na jibu lake halikuwa la kijinga. Alisema, "Mdogo wangu, mwizi hatakusubiri umkague. Ukichelewa umekufa." Wajomba wakatikisa kichwa, kweli kweli.

Ni kweli kwa Texas labda, ambako nyumba ni ya peke yako na jirani yuko ndani kwake. Kwetu mlimani sivyo. Kwetu ukipiga yowe usiku, kilima kizima kinakuja. Watatokea kwenye migomba na tochi, na marungu, na mapanga. Dakika tano baada ya yowe, mtu mwenye panga uani kwako ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mjomba wako kuliko mwizi. Ulinzi wetu ni watu, na bastola isiyouliza inapiga ulinzi wenyewe.

Na wala si sisi wanakijiji tu. Chukua Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, siku walipovamia magaidi na watu 67 wakauawa. Wengi tunaikumbuka picha ya Abdul Haji, raia mwenye bastola ya leseni, aliyeingia mle kumtafuta ndugu yake akasaidia kutoa watu wengi. Ile picha imewafanya watu wengi waitamani bastola. Lakini siku hiyohiyo, kama ilivyoripotiwa sana, ofisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za askari wa jeshi waliodhani ni adui. Hao ni watu waliofuzu mafunzo, mkono wao hauna shida. Walikosa kujua nani ni nani.

Wakenya wenyewe nadhani wameliona hilo. Wamiliki wa leseni kule wana mashindano ya mchezo uitwao IDPA, ulioanzishwa Marekani mwaka 1996, na uwanja wao unaojulikana uko Kirigiti, Kiambu. Kwenye mchezo ule huwekewi maadui peke yao. Kati ya shabaha wanaweka na watu wasio na hatia, zimechorwa mikono mitupu iliyofunguliwa. Ukimpiga mmoja wao unaongezewa sekunde 5 kwenye muda wako, na kwenye mchezo wa kukimbizana na saa, sekunde 5 zinauma. Hata kwenye mchezo, mtu anazoezwa kuangalia mikono kwanza. Hiyo ndiyo sehemu ya kuiga, na haihitaji gesi.

Basi kesho yake nikafanya nilichofundishwa kufanya: nikatengeneza zana. Nilinunua manila na makapeni, nikachora watu kumi wa ukubwa wa mtu. Mmoja ana panga ameliinua. Mmoja ana panga na tochi. Mmoja ana rungu amegeuka nyuma. Mmoja mlevi anatafuta njia. Mmoja ana ndoo. Nilikataa kabisa bastola isiguswe. Baba mkubwa alipewa rimoti ya televisheni mkono wa kulia na tochi mkono wa kushoto. Taa zikazimwa, sisi tukawa tunazitokeza zile manila koridoni moja moja. Akiona wa kumpiga aseme "paa". Asiye wa kumpiga aseme "nani wewe?"

Watoto walicheka mpaka wakalia. Mzee mwenyewe alicheka mwanzoni. Mara ya kwanza alisema paa mara sita, na katika hao sita wanne hawakuwa na kosa lolote, na mmojawapo alikuwa ni mwenye ndoo. Pale aliacha kucheka. Kijana mwenyewe alikuwepo, amekuja kuleta maziwa, amesimama mlangoni kwa jikoni. Hakusema kitu. Baba mkubwa akasema, "Turudie."

Tulirudia jioni ile mpaka betri za tochi zikafifia, na kesho yake tena. Siku ya tatu alikuwa anaanza na tochi, kisha sauti, kisha anasubiri. Alisema paa mara moja tu, kwa yule aliyeinua panga, na hata yeye alimwita kwanza. Kaka ambaye alikuwa amenuna akasema, "Sawa, hii Texas pia tunaihitaji."

Sasa maoni yangu kwa ufupi, maana najua mtaniuliza.

Kwanza, mwenye bastola ana deni la mazoezi kwa majirani zake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaongelea cheti cha umahiri kabla ya leseni, na hilo ni jema. Mimi ningependa umahiri uulizwe kila leseni inapohuishwa, na sehemu ya mtihani iwe gizani, kwa tochi, kati ya watu wa kupigwa na wasiopigwa. Mwalimu akisoma mara moja asirudie, tunajua anafundisha nini baada ya miaka kumi.

Pili, kabla ya kununua kifaa, maliza vya bure. Weka sarafu ya mia mbili juu ya bastola tupu, vuta triga taratibu. Ikianguka, mkono wako umetikisika. Ukienda uwanja wa shabaha wenye mkufunzi, mwombe akuchanganyie risasi za bandia na za kweli bila kukuambia. Ukifika kwenye ya bandia hakuna mlio, lakini utaona mkono wako unainama wenyewe. Ni aibu tupu, ila ndo utajua ugonjwa ulipo.

Tatu, mazoezi ya nyumbani yana hatari yake na watu hawaisemi. Risasi zote zitoke kwenye chumba hicho, zifungiwe kwingine. Kagua mara mbili, na mtu wa pili akague. Usilenge ukuta ambao nyuma yake kuna mtu. Na ukimaliza umemaliza: wengi wanapata ajali baada ya kurudisha risasi kisha wakasema "ngoja moja ya mwisho". Ukitaka kuagiza vifaa vya aina hiyo kutoka nje, uliza polisi kabla, usisubiri kuulizwa wewe.

Nne, na hili kama mwalimu mtarajiwa linanisumbua kuliko yote: watoto. Kile kifaa kinaingia kwenye bastola ileile ya kweli. Mtoto wa miaka mitano akimwona babu kila jioni anapiga ukuta na hakuna kinachotoboka, amefundishwa somo: hiki kitu hakiui. Hakuna atakayemfuta somo hilo siku mtutu wa kweli utakaporudishwa. Kama mnafanya, fanyeni watoto hawapo. Sisi tulitumia rimoti kwa sababu hiyo.

Kaka amerudi Texas. Kifaa hakijanunuliwa, ila mlango haujafungwa. Baba mkubwa amesema akipita miezi sita bila kukosea manila hata moja, ndipo atafikiria kuuzoesha mkono. Nimeona ni mpango wa haki. Jicho likishakuwa zito, mkono mwepesi hauna madhara.

Juzi alinipigia simu nikiwa maktaba, nikatoka nje kupokea. Nilidhani kuna msiba. Kumbe anataka nimchoree manila mpya, zile za zamani ameshazikariri. "Niwekee na mwanamke mwenye mtoto mgongoni," akasema, "na niwekee mimi mwenyewe, nimetoka usiku, nione kama ningenipiga."

Nimezianza leo hapa kimbweteni. Huyo wa mwisho ananishinda kuchora pua. Tuonane wiki ijayo, bumu likitoka.